Kosa la Kidole ni Kosa la Nani?

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la anga la Marekani lilikuwa na shida moja ya ajabu. Rubani wa B-17 anatua vizuri kabisa, ndege inapunguza mwendo uwanjani, halafu ghafla anakunja magurudumu. Dude zima linalala tumbo chini. Ripoti ziliandika tu: kosa la rubani. Yaani jamaa alizembea, kesi imekwisha.

Alphonse Chapanis, mwanasaikolojia kijana aliyefanya kazi na jeshi hilo, hakuridhika. Mbona marubani wa C-47 hawafanyi kosa hili? Si ati hao walikuwa na akili zaidi. Akaenda kuangalia mahali rubani anapokaa. Katika B-17, swichi ya magurudumu na swichi ya vibao vya mabawa, vile ambavyo rubani huvirudisha ndani baada ya kutua, zilikaa bega kwa bega na zilifanana kama mapacha. Katika C-47, vifaa hivyo viwili vilitofautiana na havikukaa pamoja. Dawa ya Chapanis ilikuwa ya bei rahisi: gurudumu dogo la mpira kwenye swichi moja, umbo la kabari kwenye nyingine. Sasa mkono ulijua umeshika nini hata gizani. Mpaka leo, mpini wa magurudumu kwenye ndege kubwa za abiria una umbo la gurudumu.

Mwaka 1947, Paul Fitts na Richard Jones walichambua visa 460 vya yale yaliyoitwa makosa ya marubani katika kutumia vifaa vya kuendeshea ndege. Karibu nusu vilikuwa vya aina hiyo hiyo: mtu kushika kifaa kimoja akidhani ni kingine. Watu wengi wakijikwaa kwenye ngazi moja, si unaikagua ngazi?

Swali hilo lilikuja kutugusa huku kwetu, kupitia simu. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, uzuri wake ulikuwa urahisi: menyu iko ndani ya laini, hata mulika mwizi inatosha. Unaandika namba, kiasi, PIN, unathibitisha, basi. Lakini palikuwa na tundu. Wakati wa kuthibitisha uliona namba peke yake. Jina la mpokeaji lilikuja kwenye SMS, pesa zikiwa zishaenda. Ukikosea tarakimu moja, kodi ya nyumba imemwangukia mtu usiyemjua, na sasa unaanza kumbembeleza kwa simu, ukiomba Mungu asiizime. Na lawama ilijulikana ni ya nani: si ungeangalia vizuri?

Jina lilikuwa kwenye mfumo muda wote. Lilichelewa tu kuonyeshwa. Baadaye ikaja Hakikisha: jina linatokea kabla pesa hazijaondoka, na unapata sekunde chache za kusitisha. Hakuna Mkenya aliyerudishwa darasani kufundishwa kusoma tarakimu. Kilichosogezwa ni jina, kutoka mwisho wa safari hadi kabla ya safari.

Siku hizi mambo ya serikali, benki na shule yamehamia kwenye skrini. Fomu inakataa namba yako kwa sababu umeanza na 0 badala ya 254, na haikuambii hivyo. Inasema tu kuna hitilafu. Kitufe cha kufuta kimebanana na cha kutuma. Mama anaenda saiba kumlipa kijana amjazie fomu, na akifika anaomba radhi kwanza: mimi haya mambo ya kompyuta siyajui. Amejiandikia ripoti mwenyewe, kama zile za jeshi. Kabla hujamkubalia, muulize huyo kijana wa saiba ni wangapi wamekuja leo wakiwa wamekwama mahali pale pale.