Ukanda Mwekundu na Wawili Wanaougawana

Katika futiboli ya Marekani, mchezo ambao mpira wake una umbo la yai na aghalabu hubebwa na kutupwa kwa mikono, uwanja hupimwa yadi 100 baina ya mstari wa goli moja na wa pili, na zile yadi 20 za mwisho, timu ikaribiapo goli la hasimu wake, zina istilahi yake mahususi. Kwa Kiswahili yafaa tuziite ukanda mwekundu: ukanda, kwa kuwa sehemu hiyo imelala kutoka ubavu mmoja wa uwanja hadi wa pili, na mwekundu, ijapokuwa nyasi zake ni za kijani kama nyingine, kwa kuwa hapo mlinzi hulazimika kutahadhari kuliko mahali pengine popote.

Sababu ya tahadhari hiyo ni nafasi. Mpira ukiwa katikati ya uwanja, walinzi huhofia mtupo mrefu utakaowapita vichwani, kwa hiyo hutawanyika. Lakini ukifika yadi ya 8, nyuma yao hubaki yadi hizo chache na yadi 10 za eneo la goli tu, basi wote kumi na mmoja husongamana, na mbio za wadakaji wepesi hupoteza nusu ya faida yake. Mshambuliaji ana majaribio manne, na asipofaulu kupata tachidauni, yaani kuufikisha mpira katika eneo la goli kwa pointi 6, hana budi kuridhika na mkwaju wa pointi 3, au kutoka mikono mitupu.

Katika msongamano huo ndipo hujitokeza wachezaji wawili. Wa kwanza ni taitiendi, ambaye namwita mchezaji wa ncha, kwa maana husimama kwenye ncha ya safu ya mbele, bega kwa bega na majabari wanaozuia, ilhali ana ruhusa ya kudaka mpira. Wa pili ni raningbeki, mkimbiaji wa nyuma, apokeaye mpira mkononi mwa kwotabeki, yaani mtupaji anayeongoza mashambulizi, na kupenya nao kifuani.

Tazama wanavyosaidiana. Kwotabeki hunyoosha mkono kana kwamba anampa mkimbiaji mpira. Walinzi wa kati, wakihadaika, hupiga hatua moja mbele. Na mchezaji wa ncha, aliyekuwa ameinama kama anayetaka kuzuia, huwapita na kuinuka nyuma yao akiwa peke yake. Na siku walinzi wakiamua kumwandama yeye, safu ya kati hubaki na watu wachache, naye humsukuma mmoja kando ili mwenziwe apite.

Ushahidi wa bayana ni timu ya San Diego Chargers. Mwaka 2004 Antonio Gates, mchezaji wa ncha aliyecheza mpira wa kikapu katika chuo kikuu cha Kent State, alidaka tachidauni 13, na mkimbiaji wa nyuma LaDainian Tomlinson akafunga 17 kwa kukimbia. Mwaka 2006 Tomlinson alifunga 31 kwa jumla, 28 kati yake kwa mbio, akaweka rekodi ya ligi kwa msimu mmoja. Na katika msimu huo huo Gates hakukosa sehemu yake, alidaka 9. Gates alistaafu akiwa na tachidauni 116 za kudaka, idadi ambayo hakuna mchezaji wa ncha aliyekuwa ameifikia.

Kwa hiyo yeyote atakayeutangaza au kuuandika mchezo huu kwa Kiswahili namsihi asiridhike na kumtaja mfungaji peke yake. Amtaje na yule aliyemvutia walinzi upande wa pili, kwani katika ukanda mwekundu pointi 6 huandikwa kwa jina la mmoja, na kazi yake huwa imefanywa na wawili.