Safari ya Kando ya Reli

Njia za kujifunza historia ni nyingi. Iliyo maarufu ni ile ya kuketi na kitabu, na wala siidharau. Lakini iko njia nyingine, nayo ni ya miguu na macho, ambayo wazee waliisifu kwa maneno mawili tu: tembea uone. Katika insha hii nakualika, msomaji, ufuatane nami katika safari ya likizo kutoka Mombasa mpaka Kisumu. Tutaifuata reli ya kale iliyoitwa Reli ya Uganda, lakini hatutapanda gari moshi. Tutakwenda kwa motokaa, katika barabara ipitayo kando yake.

Huenda ukauliza: mtu apendaye reli ana sababu gani ya kuliacha gari moshi? Jibu lake ni jepesi. Aliye ndani ya gari moshi halioni gari moshi lenyewe. Haoni daraja analovuka, wala tuta linalomchukua, wala kaburi lililo karibu na njia. Apitaye barabarani aweza kusimama apendapo, akashuka, akagusa jiwe na kuuliza: ni nani aliyeliweka jiwe hili hapa? Swali hilo na liwe ndiyo masurufu yetu ya njiani.

Tuanze Mombasa. Kabla ya reli, mizigo ya kwenda Ziwa Victoria ilichukuliwa vichwani na wapagazi, na safari ilikuwa ya miezi. Waingereza, waliokwisha kuitia Uganda chini ya himaya yao, walitaka njia ya haraka ya kulifikia ziwa. Katika Bunge lao huko London wako waliopinga, na Henry Labouchere alikuwa mmoja wao. Waliona kuwa ni wazimu kutupa fedha nyingi katika nyika. Hata hivyo kazi ilianza mwaka 1896, chini ya mhandisi mkuu George Whitehouse. Vyuma viwili vya reli vilitandazwa juu ya mataruma, na nafasi kati yao ilikuwa mita moja tu.

Nani alivitandaza? Watu wa pwani na bara walikuwa na mashamba yao na mifugo yao, na wengi hawakuona haja ya kuviacha kwa ajili ya ujira wa mgeni. Kwa hiyo Waingereza waliwaleta vibarua na mafundi kutoka India, wengi wao wakitoka Punjab, kwa mikataba ya miaka mitatu. Jumla yao ilikuwa karibu watu 32,000. Kati yao karibu 2,500 walikufa hapa, kwa maradhi, kwa ajali na kwa wanyama. Reli nzima mpaka Kisumu ilikuwa na maili zipatazo 580. Fanya hesabu, msomaji: ni zaidi ya watu wanne kwa kila maili. Itie hesabu hiyo akilini, maana maili ni kitu kidogo sana kwa aendaye kwa motokaa.

Sasa tunaondoka pwani. Minazi inabaki nyuma. Tunapita Mazeras na Mariakani, kisha tunaingia katika nyika ya Taru. Nchi ni kavu, miiba imeshikana, na ardhi ni nyekundu. Hapa wajenzi hawakuwa na maji ya kutosha. Iliwapasa kuyaleta kutoka nyuma yao. Mbali na Wahindi, walikuwako pia Waafrika waliofyeka miiba, waliochimba udongo na waliochukua mizigo: Waswahili, Wataita, Wakamba, Wanyamwezi na wengineo. Idadi ya Wahindi nimekutajia, kwa sababu iliandikwa. Ukiniuliza Waafrika waliokufa walikuwa wangapi, sina tarakimu ya kukupa. Shika jambo hilo. Tutalikuta tena mbele.

Tukivuka Voi twafika mto Tsavo, ulio yapata maili 132 kutoka Mombasa kwa hesabu ya reli. Tusimame hapa. Mwezi wa Machi 1898 alifika mahali hapa mhandisi J. H. Patterson ili ajenge daraja la reli. Mwaka huo simba wawili wa kiume, wasio na manyoya marefu shingoni, waliingia kambini usiku baada ya usiku na kuwatoa watu katika mahema. Maboma ya miiba hayakuwazuia. Kazi ilisimama, na vibarua wengi walikimbia. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule Patterson aliwaua simba wote wawili. Mwaka 1924 ngozi zao ziliuzwa kwa makumbusho ya mji wa Chicago, Marekani, na wanyama hao wapo huko hata leo, wamesimamishwa kana kwamba wangali hai.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na huenda unakijua. Lakini hebu tukitazame upya. Patterson aliandika kwamba simba wale waliwaua Wahindi 28, na juu ya hao Waafrika wengi ambao hesabu yao haikuwekwa. Baadaye idadi iliyotajwa ilipanda hata kufika 135. Mwaka 2009 wataalamu walichapisha uchunguzi wa mifupa na manyoya ya simba hao, wakakadiria kuwa watu walioliwa walikuwa kama 35. Mwaona ajabu ya mambo? Zaidi ya miaka mia moja baadaye iliwabidi watu kuuliza mifupa ya simba jambo ambalo daftari la kazi lilishindwa kulijibu. Mhindi aliandikwa kwa sababu alikuwa na mkataba, na mkataba wake ulikuwa na nambari. Mwafrika aliyetoka kijiji cha jirani kufanya kibarua hakuandikwa. Alipochukuliwa usiku, kilio kiliinuka kwao, si katika daftari.

Tunapotafakari hayo, tazama juu kidogo. Ile njia iliyoinuliwa juu ya tuta na juu ya madaraja marefu ni reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017. Mwaka huo huo safari za abiria kati ya Mombasa na Nairobi katika reli ya kale zilikoma. Ukingoja kwa subira utaliona gari moshi likipita kwa kasi, na tembo wakipita chini ya daraja lake. Ni jambo zuri kulitazama. Lakini hata hapo usisahau swali letu.

Kituo chetu cha pili ni Makindu. Kando ya barabara kuna hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926, wakati reli ilikuwa imekwisha kuleta wafanyakazi wa dini hiyo mahali hapa. Msafiri yeyote, wa dini yoyote na kabila lolote, hukaribishwa chakula hapo bila kutozwa kitu. Vua viatu, funika kichwa, uketi ule. Zaidi ya vibarua 6,000 kati ya wale waliotoka India walibaki katika nchi hii baada ya mikataba yao kwisha. Ukila chapati na dengu za Makindu, unakula katika historia hiyo.

Mbele kidogo ni Kima. Tarehe 6 Juni 1900 ofisa wa polisi aliyeitwa Charles Ryall alilala ndani ya behewa katika stesheni hiyo, akimvizia simba aliyekuwa akiwaua wafanyakazi wa reli. Usingizi ulimshinda, simba akaingia behewani, akamuua, akamtoa kwa dirishani. Behewa lenyewe utalikuta Nairobi, katika Makumbusho ya Reli yaliyoanzishwa mwaka 1971. Jina la Ryall linajulikana kwa kila aingiaye mle. Wafanyakazi waliouawa kabla yake, ambao kwa ajili yao alikwenda Kima, ni nani ajuaye majina yao?

Reli ilifika Nairobi mwisho wa Mei 1899. Palikuwa mahali pa majimaji, ambapo Wamasai walikuwa wakinywesha mifugo yao, na jina la mji limetokana na maneno yao ya maji baridi. Makao makuu ya reli yalihamishiwa hapo, na kutoka katika kambi hiyo ukazaliwa mji mkuu. Katika makumbusho niliyoyataja usiache kulitazama lile jitu la chuma lililopewa jina la mlima Gelai. Ni moja katika vichwa 34 vya gari moshi vilivyoundwa Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1955 na 1956, vikaitwa kwa majina ya milima ya Afrika ya Mashariki.

Kutoka Nairobi barabara yapanda, kisha ghafula nchi inafunguka na Bonde la Ufa laonekana chini. Wajenzi walipofika hapa waliteremsha mabehewa kwa kamba za chuma, mpaka njia ya kudumu ilipokwisha kujengwa. Reli inavuka bonde, inapita Naivasha na Nakuru, inapanda tena katika milima ya Mau hata zaidi ya futi 8,000, kisha inateremka Fort Ternan na Muhoroni. Sehemu hii ya reli ya kale ilitengenezwa, na mwaka 2021 ikaanza tena kuchukua abiria kati ya Nairobi na Kisumu.

Hapa ndipo faida ya motokaa inapoonekana, kwa maana reli haipandi Nandi Hills, lakini barabara yapanda. Wanandi hawakuipokea reli kwa shangwe. Kwa muda wa miaka kama kumi walipigana na Waingereza, na nyaya za simu na vyuma vya reli vilichukuliwa. Kiongozi wao alikuwa Koitalel arap Samoei. Tarehe 19 Oktoba 1905 aliitwa katika mkutano uliosemwa kuwa wa mapatano, na huko akapigwa risasi na kapteni Richard Meinertzhagen. Baada ya hapo Wanandi waliokuwa karibu na reli waliondoshwa katika ardhi yao. Leo katika mji wa Nandi Hills kuna makumbusho ya Koitalel. Yeye hakutandaza hata chuma kimoja, lakini bei ya reli aliilipa.

Tunateremka Kisumu. Tarehe 20 Desemba 1901, Florence Preston, mke wa msimamizi wa utandazaji, alipiga msumari wa mwisho katika ukingo wa ziwa, na bandari ikaitwa Port Florence. Jina hilo halikudumu. Jina la wenyeji ndilo lililobaki.

Basi, msomaji, safari imekwisha. Tumeona kwamba mhandisi ana jina, mke wa msimamizi ana jina, hata vichwa vya gari moshi vina majina. Waliofyeka na kuchimba hawana. Si kwa sababu hawakuwa watu, ila kwa sababu aliyeshika kalamu hakuona haja ya kuwaandika. Na kosa hilo si la zamani tu. Reli mpya nayo ilijengwa na maelfu ya vijana wa nchi hii pamoja na mafundi kutoka China. Huenda mmoja wao ni kaka yako au jirani yako. Muulize alifanya kazi gani, mahali gani, na ni nani aliyekuwa pamoja naye. Kisha chukua kalamu uandike majina yao, maana sasa kalamu iko mkononi mwako.