Mawe Hadi Dirishani

Nyumba ya guka kule Murang'a ina ukuta wa mawe hadi usawa wa madirisha. Kuanzia hapo ni mbao tupu mpaka kwa bati. Nikiwa mdogo nilidhani ni staili. Kumbe mawe yalinunuliwa 1977, na mbao zikanunuliwa baadaye, pesa zilipokauka.

Mwaka mwingine wa kuutazama ni 1975. Julai hiyo sakitu iliangukia mashamba ya Paraná, Brazil, ikaunguza miti ya kahawa kwa mamia ya mamilioni. Bei ya ratili moja sokoni New York, ambayo ilikuwa chini ya dola moja, ikapita dola tatu mwaka 1977. Guka hakujua Paraná iko wapi. Alichojua ni kwamba siku ya malipo ya chama cha ushirika, watu walikuwa wanarudi nyumbani na redio mpya.

Huko Chepkube, mpakani mwa Bungoma na Uganda, ndiko mambo yalichacha kabisa. Chini ya Idi Amin, mkulima wa Uganda alilipwa vijisenti kwa shilingi isiyonunua kitu, kwa hivyo kahawa yake ilivukishwa Kenya usiku, kwa baiskeli, kwa punda, hata kichwani. Ilikuwa magendo, lakini kwa wengi ilikuwa ndiyo kazi pekee yenye maana.

Serikali ya Kenyatta haikumkamua mkulima wetu kwa ushuru mzito, na hapo naipa maksi. Shida ni kwamba yenyewe iliona mapato yakipanda, ikapanua matumizi kana kwamba sakitu ingepiga Brazil kila mwaka. Mti mpya wa kahawa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Brazil ilipanda upya, bei ikateremka. 1979 mafuta nayo yakapanda, na 1980 Kenya ikachukua kwa Benki ya Dunia mkopo wake wa kwanza wa marekebisho ya uchumi. Ilikuja na masharti, na mingine ikafuata na masharti yake. Kufikia 1991 mwanafunzi wa chuo kikuu alikuwa ameambiwa achangie gharama.

Kahawa yenyewe ilijikaza kidogo. Msimu wa 1987/88 tulivuna karibu tani 130,000. Halafu 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawia kila nchi kiasi cha kuuza ukaporomoka, bei ikaanguka nao. Siku hizi tukifikisha tani 50,000 ni sherehe.

Baba alisomeshwa na kahawa hadi kidato cha nne. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na balansi ya karo bado inanidai. Sisemi ni kahawa iliyonitoa huko. Uvivu wangu pia ulisaidia.

Februari 2025, baada ya ukame Brazil, bei ilipita dola nne. Baba, ambaye alishang'oa karibu miti yote akapanda makadamia, akanipigia simu.

"Kijana, wewe hushinda kwa intaneti. Hii bei itakaa?"

"Ukipanda leo utavuna lini?"

"2028 hivi."

Alinyamaza kidogo, akauliza miche inauzwa pesa ngapi siku hizi. Tangu siku hiyo, kila asubuhi naangalia hali ya hewa ya Brazil.