Hifadhi ya Gombe: sokwe mtu, Ziwa Tanganyika na migebuka kwa mawese

Wasikilizaji wetu wengi wamelisikia jina la Gombe redioni, lakini wengi hudhani ni mahali pa wageni kutoka Ulaya tu. Sivyo. Mtanzania anaweza kwenda, na kiingilio chake ni cha chini kuliko cha mgeni wa nje. Katika makala hii tunaeleza namna ya kufika, sheria za kukutana na sokwe mtu, na chakula cha Kigoma ambacho hupaswi kuondoka bila kukila. Tunaeleza pia jinsi msitu wa Gombe na samaki wa sahani yako wanavyotegemeana.

Gombe ni wapi?

Gombe iko mkoani Kigoma, kilometa 16 hivi kaskazini mwa mji wa Kigoma, kuelekea mpaka wa Burundi. Ni ukanda mwembamba wa vilima vyenye mabonde na vijito vinavyoshuka hadi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Ilikuwa pori la akiba kuanzia mwaka 1943, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Ni miongoni mwa hifadhi ndogo kabisa nchini, na ndani yake hakuna barabara za magari. Mgeni hutembea kwa miguu.

Umaarufu wake ulianza Julai 1960, alipofika Jane Goodall, Mwingereza aliyekuwa na umri wa miaka 26, kuchunguza maisha ya sokwe mtu. Mwaka huohuo alimwona sokwe akichomeka unyasi kwenye kichuguu, akautoa ukiwa umejaa mchwa, akawala. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba ni binadamu peke yake anayetengeneza zana. Goodall alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, lakini utafiti aliouanzisha Gombe unaendelea.

Unafikaje?

Kwanza ufike Kigoma mjini, kwa basi, kwa ndege au kwa treni ya Reli ya Kati kupitia Tabora. Kutoka hapo njia ni majini. Mitumbwi ya abiria yenye injini huondokea ufukwe wa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji, ikipeleka watu na mizigo kwenye vijiji vya kandokando ya ziwa. Mingi huondoka mchana na kurudi mjini asubuhi ya siku inayofuata. Kwa hiyo anayetumia mtumbwi wa abiria ajiandae kulala hifadhini walau usiku mmoja. Wenye fedha zaidi, au walio kikundi, hukodi boti yao.

Usipande chombo kilichojaa kupita kiasi, na vaa jaketi la kujiokolea hata kama unajua kuogelea. Ziwa Tanganyika huchafuka ghafla upepo unapovuma.

Kiingilio hakilipwi kwa fedha taslimu. Unapewa namba ya malipo, kisha unalipa kwa simu au benki. Viwango hubadilika, hivyo waulize TANAPA kabla ya safari. Beba kitambulisho cha taifa, maana ndicho kinachothibitisha kwamba unastahili kiwango cha raia.

Sheria za kukutana na sokwe mtu

Sokwe hawafungiwi. Utawatafuta ukiwa na mwongozaji, kwa kupanda na kushuka vilima, na inaweza kuchukua saa kadhaa. Kiangazi njia hazitelezi sana. Ukiwapata, utakaa nao kwa muda usiozidi saa moja na kwa umbali wa angalau meta 10. Watoto wenye umri chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kwenda kuwatazama.

Sheria kubwa ni ya afya. Sokwe mtu wako karibu mno na binadamu kimaumbile, na mafua yanayokusumbua wewe siku tatu yanaweza kumuua yeye. Mwaka 1966 ugonjwa unaofanana na polio uliwaua na kuwalemaza sokwe kadhaa wa Gombe. Kwa kuwa waliobaki hifadhini hawazidi mia moja hivi, mlipuko mmoja ni hasara isiyofidika upesi. Ukiwa na kikohozi au mafua, sema mapema na usiende. Vaa barakoa unapoambiwa, usiteme mate, usile mbele yao.

Tahadhari nyingine ni nyani. Hawa huzurura ufukweni na wanajua chakula kinakaa wapi. Funga mlango, funga mfuko, na usitembee ukitafuna.

Chakula cha Kigoma

Ukirudi mjini, tafuta mama lishe anayepika chakula cha wenyeji. Sahani yenye sifa kuliko zote ni migebuka kwa mawese, pamoja na ugali wa muhogo.

Mgebuka ni samaki mwembamba wa Ziwa Tanganyika, mwenye nyama tamu. Huuzwa akiwa mbichi, au akiwa amebanikwa ili asafiri mbali. Kumpika si kazi ngumu. Mawese hupashwa moto, kitunguu kikaangwe, nyanya ziive mpaka zirojeke, kisha samaki alazwe ndani pamoja na chumvi, ndimu na pilipili, sufuria ifunikwe. Asigeuzwegeuzwe, atavunjika. Mchuzi huwa mwekundu na mzito.

Ugali wake hutokana na muhogo uliolowekwa siku kadhaa, ukaanikwa, ukasagwa. Kuloweka huko si kwa ajili ya ladha tu: muhogo mchungu una sumu, na maji ndiyo yanayoiondoa. Kwa hiyo anayetaka kujaribu nyumbani asiruke hatua hiyo.

Kuna pia kisamvu cha kutwanga kinachoungwa kwa mawese, ambacho ng'ambo ya ziwa, nchini Kongo, huitwa sombe. Kuna kuhe, samaki mkubwa apendwaye kwa kuchoma. Na kuna dagaa wa Kigoma, anayejulikana nchi nzima. Ukinunua dagaa wa kupeleka nyumbani, uliza walianikwa wapi. Walioanikwa kwenye chanja hawana mchanga, na huhitaji kuwaosha mara nyingi.

Mawese hayo hutoka kwenye michikichi inayoota mkoani humo. Sokwe wa Gombe nao hula chikichi, na ni chakula chao kikubwa. Jambo la kushangaza ni kwamba sokwe wa Mahale, kusini zaidi kandokando ya ziwa hilohilo, hawali chikichi ingawa miti ipo. Watafiti huutaja mfano huu kuonyesha kwamba sokwe nao wana desturi wanazofundishana.

Msitu, ziwa na sahani

Vilima vinavyoizunguka Gombe vilikatwa miti kwa miaka mingi kwa ajili ya mashamba, kuni na mkaa. Mlima ukibaki mtupu, mvua hubeba udongo hadi ziwani. Tope hilo hufunika mawe na mchanga wa ufukweni, mahali ambapo samaki wengi hutaga na kukulia. Mwenye shamba hupoteza rutuba, mvuvi hupoteza samaki, sokwe hupoteza njia ya kupita kwenda misitu mingine. Mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE, unaoshirikiana na vijiji katika kupanda miti na kupanga matumizi ya ardhi.

Ziwa lenyewe linahitaji kupumzika. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi upande wake wa Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Ilikuwa miezi migumu kwa wavuvi, wachuuzi na akina mama wa chanja, ambao kula yao hutegemea kila usiku wa giza taa zinapowashwa ziwani. Ndiyo maana mgeni anayekula kwa mama lishe, akanunua dagaa na chupa ya mawese Kigoma, anawasaidia watu hao moja kwa moja kuliko anayekuja na chakula chake chote kutoka mbali.

Mambo ya kukumbuka

– Uliza viwango na nafasi za kulala kabla hujasafiri.
– Beba kitambulisho, viatu vya kushika vizuri ardhi, koti la mvua na maji ya kunywa.
– Ahirisha safari ukiwa na mafua.
– Usiache plastiki msituni wala ziwani.
– Usinunue samaki wachanga. Wanaovuliwa kabla ya kutaga ndio wanaolimaliza ziwa.