Farasi jike wa Beryl na saa ya kubonyeza

Kwetu Kitahana ukiuliza umbali hupewi kilomita. Utaambiwa ukitoka alfajiri, jua likifika utosini umeshafika. Ni jibu zuri, ila lina mtego: anayekujibu anapima kwa miguu yake, hapimi kwa ya kwako.

Farasi hatukuwajua. Nchi ya Buha, kuanzia Kibondo hadi Kasulu, ina ng'ombe na mbuzi, na porini kuna ndorobo, yule inzi anayeleta malale na nagana. Stanley alipopita kusini mwa nchi yetu mwezi Novemba 1871 akimtafuta Livingstone, alipita kwa miguu akitozwa hongo na watemi wa Kiha mpaka akaamua kutoroka usiku. Alikuwa ameanza safari na farasi wawili, mmoja zawadi ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Wote walikufia Kingaru, muda mfupi baada ya kuondoka Bagamoyo. Kwa hiyo mimi farasi wa mashindano nimewakuta vitabuni, na hasa katika kitabu kimoja.

Kitabu chenyewe ni West with the Night cha Beryl Markham, kilichotoka 1942, kikasahaulika, kikachapishwa upya 1983 na kumpa mwandishi umaarufu uzeeni. Wengi wanamjua kama rubani aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1936 akitokea Uingereza kuelekea magharibi. Kabla ya ndege kulikuwa na farasi. Baba yake, Charles Clutterbuck, aliwafuga Njoro, na binti akapata leseni ya ukufunzi akiwa bado msichana mdogo. (Kama ni yeye aliyekiandika kitabu chote au mumewe wa tatu alitia mkono, ugomvi huo una miaka mingi na leo sitauingia.)

Sura ninayoirudia ni ile ya mbio za St Leger jijini Nairobi, 1926. Beryl alikuwa amemwandaa dume aitwaye Wrack, farasi aliyetazamiwa kushinda. Wiki chache kabla ya mbio mwenye mali akamwondoa Wrack na kumpa mkufunzi mwingine. Beryl akabaki na farasi jike, Wise Child, mwenye damu nzuri na kano mbovu za miguu. Na St Leger si mbio za kitoto. Ile ya Uingereza iliyoipa jina, inayokimbiwa tangu 1776, ni kama mita 2,900.

Sasa weka kitabu chini ujiulize: mkufunzi anajuaje kama mnyama huyu ni wa mita 1,000, 1,600 au 2,900? Farasi hasemi. Njia mojawapo ni saa, ile ya kubonyeza ianze na kubonyeza isimame. Asubuhi na mapema, kabla jua halijakaza, farasi anakimbizwa umbali unaojulikana, na wanahesabu kila falongi, yaani kila mita 201. Asiyejua huangalia jumla ya muda. Mjuzi huangalia falongi za mwisho. Anayeanza kama risasi kisha kila kipande kikamchukua muda mrefu kuliko kilichotangulia, huyo ni wa mbio fupi. Ambaye vipande vyake vinalingana, au vya mwisho vina kasi zaidi, na akivuka alama anaendelea kwenda bila kusukumwa, huyo anaomba umbali. Halafu unasikiliza pumzi, inatulia baada ya muda gani.

Ila saa hudanganywa kirahisi. Mpandaji akivuta hatamu kidogo, sekunde zinaongezeka. Akiwa mwepesi, zinapungua. Ardhi ikiwa na tope, hesabu inaharibika. Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo muda wa huko hauwezi kulinganishwa hivi hivi na wa Uingereza. Na wapo farasi wa asubuhi tu: mazoezini moto, siku ya mashindano baridi.

Ndiyo maana Waingereza wa zamani hawakuipenda saa. Wao walimjaribu farasi mpya kwa kumkimbiza na mkubwa wanayemjua vizuri, kila mmoja na uzito wake mgongoni, kwa siri, huku wapelelezi wa wacheza kamari wamejificha vichakani. Wamarekani walipohamia kule mwishoni mwa karne ya 19 walikuja na saa zao. Mwaka 1901 mmoja wao, John Huggins, akashinda Derby na farasi Volodyovski. Kejeli zikapungua.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Secretariat, 1973. Baba yake, Bold Ruler, alijulikana kwa kuzaa wenye kasi wasio na masafa marefu, na kijana aliposhika nafasi ya tatu katika Wood Memorial, watu wakasema damu imejibu. Mwezi Mei akakimbia Kentucky Derby, kama mita 2,000, na kila robo maili ilikuwa ya haraka kuliko iliyotangulia: ya kwanza sekunde 25 na ushei, ya tano 23. Mwezi Juni, Belmont, maili moja na nusu, alishinda kwa urefu wa farasi 31 kwa dakika 2 na sekunde 24 kamili. Ukoo ulisema hivi, saa ikasema vile. Na bado ukoo haukuwa upuuzi: mwaka 2010 watafiti wa Dublin wakiongozwa na Emmeline Hill walionyesha kwamba jeni moja, la miostatini, linahusiana kwa nguvu na umbali unaomfaa farasi. Siku hizi kuna wanaopima damu hata kabla mnyama hajatandikwa.

Turudi kwa Beryl, kwa sababu hapo ndipo pananisumbua. Kwa farasi mzima, ukitaka kujua kama anafika mita 2,900, unamkimbiza karibu na hizo mita ukiangalia saa. Kwa Wise Child, kila mbio ya nguvu ilikuwa ni kuzichezea kano zile. Ukimpima sana, unakata kile unachotaka kukipima. Usipompima, unampeleka uwanjani kwa imani. Mkufunzi wa namna hiyo anabaki na kupapasa miguu usiku kwa usiku, joto liko wapi, uvimbe uko wapi, na dozi ndogo ndogo za kazi. Kazi hiyo Beryl hakuifanya peke yake. Alikuwa na arap Ruta, rafiki yake tangu utotoni, ambaye kitabu kinampa jina na sauti. Masaisi wengine waliowatoa farasi gizani kila alfajiri hawakubahatika hivyo, na mimi msomaji wa leo nawatafuta kila ninapofungua sura ile.

Wise Child alishinda. Wrack alikuwa nyuma yake.

Sisi Watanzania tuna kisa chetu, hakina farasi. Januari hadi Februari 1974, Christchurch, Filbert Bayi alitangulia tangu mwanzo na kumaliza mita 1,500 kwa 3:32.2, rekodi ya dunia. Ungesema basi, umbali wake umejulikana. Miaka sita baadaye, Moscow, akiwa na miaka 27, alikimbia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akatangulia tena kwa mbali, akapitwa mzunguko wa mwisho na Malinowski wa Poland na kurudi na medali ya fedha. Mtindo ule ule. Lakini kama kuna aliyekuwa na saa mkononi asubuhi moja mwaka 1974 akayaona yale maji ya Moscow, sijamsoma popote.