Sufuria ya Maharage: Mkaa, Umeme na Uamuzi wa Kaya za Dar es Salaam

Kwa takriban miaka ishirini sasa, kaya za Afrika Mashariki zimehimizwa kuyatunza mazingira kwa kuanzia na vitu vinavyoonekana barabarani. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda ikafuata mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Marufuku hizo zilistahili, na wanaokumbuka mitaro ilivyokuwa imeziba hawatazilaumu. Lakini zimetuachia dhana finyu kwamba nyumba inayojali mazingira ni ile iliyofagiliwa, isiyotupa taka ovyo, yenye mti uani. Makala hii inadai kwamba uamuzi mzito kuliko yote katika nyumba ya mjini hufanywa jikoni. Na hata huko jikoni uzito hauko kwenye chai wala mayai, bali kwenye vyakula vinavyochemka kwa saa mbili au tatu: maharage, makande, kwato. Anayetaka kujua kama kaya imepunguza mzigo wake kwa misitu aulize vyakula hivyo vimeivia kwenye moto gani.

Dar es Salaam inafaa kuwa mfano. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 kuhusu biashara ya mkaa nchini Tanzania ilionyesha kuwa kati ya mwaka 2001 na 2007 kaya za jiji hilo zilizotumia mkaa ziliongezeka kutoka asilimia 47 hadi 71, huku zilizotumia gesi zikipungua kutoka asilimia 43 hadi 12. Matumizi ya nchi nzima yalikadiriwa kufikia tani milioni moja kwa mwaka, nusu yake ikiishia Dar es Salaam. Gesi imesambaa sana tangu wakati huo, lakini takwimu hizo bado zina la kutufundisha. Nadharia iliyozoeleka husema kaya hupanda ngazi: kipato kikiongezeka huacha kuni kwa mkaa, kisha mkaa kwa gesi au umeme. Dar es Salaam ya miaka ile ilishuka ngazi, tena katika kipindi ambacho uchumi ulikuwa unakua. Kilichoamua ni bei na namna bidhaa inavyouzwa. Mkaa hupatikana kwa kopo au kwa sado, karibu na mlango, kwa chenji iliyobaki. Mtungi wa gesi hutaka fedha nyingi kwa mkupuo mmoja.

Kenya ilipitia somo kama hilo la bei. Julai 2021 gesi ya kupikia ilirejeshewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Mwaka uliofuata kodi hiyo ilipunguzwa hadi asilimia 8, na mwaka 2023 ikaondolewa. Amri nayo imejaribiwa. Januari 2006 Serikali ya Tanzania ilisimamisha biashara ya mkaa, na katika majuma machache ikalazimika kulegeza, kwa kuwa bei ilipaa na watu hawakuwa na moto mwingine wa kupikia. Mlo wa jioni hauwezi kusubiri sera ikamilike.

Kwa nini basi tuushughulikie mkaa hasa? Tanuri la udongo linalotumiwa na wachomaji wengi hutoa mkaa wenye uzito wa asilimia 10 hadi 20 tu ya kuni zilizopangwa ndani yake. Maana yake ni kwamba nyuma ya kila gunia linaloshushwa katika mitaa ya jiji kama Manzese au Tandika kuna magunia kadhaa ya mti yaliyopotea porini kama moshi na majivu. Watafiti waliofuatilia misitu inayolizunguka jiji kati ya mwaka 1991 na 2005 walikuta mpaka wa uchomaji mkaa ukisogea nje kwa takriban kilomita 2 kila mwaka, miti ya karibu ikiisha na wachomaji wakihamia mbali zaidi.

Hapa pana hoja pinzani yenye nguvu, na si haki kuipita. Utafiti wa karibuni umeonyesha kuwa kinachofyeka misitu ya Tanzania kuliko vyote ni kilimo, na kwamba mkaa mara nyingi hutokana na miti iliyokatwa ili shamba lipatikane. Aidha, misitu ya miombo ina uwezo wa kuchipua upya kutoka kwenye visiki. Vijiji vya Kilosa, mkoani Morogoro, vimeonyesha kwamba msitu wa kijiji unaweza kuvunwa kwa mzunguko wa miaka 24, kitalu kwa kitalu, na mapato yakajenga madarasa na zahanati. Naikubali hoja hii yote. Hata hivyo inachothibitisha ni kwamba mkaa unaweza kuzalishwa vizuri, na uzalishaji wa namna hiyo bado ni sehemu ndogo ya kinachoingia mjini. Na hata mkaa uliovunwa kwa utaratibu ule hutoa hewa ya sumu uwashwapo ndani ya chumba kisicho na dirisha. Serikali ya Tanzania imekuwa ikitaja vifo takriban 33,000 kila mwaka vinavyohusishwa na moshi na hewa chafu ya kupikia. Wengi walio karibu na moto huo ni wanawake na watoto waliobebwa mgongoni. Kwao mazingira ni hewa wanayoivuta kila jioni, kabla ya kuwa msitu ulio mbali.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo ni jema. Wasiwasi wangu uko kwenye kipimo. Mitungi mingi ya gesi imegawiwa kwenye mikutano ya hadhara, na ni rahisi kuhesabu kila mtungi kuwa kaya moja iliyohama. Ingia jikoni uone. Gesi inachemsha chai asubuhi, inapasha kiporo, inakaanga mayai ya mgeni. Ikifika zamu ya maharage, jiko la mkaa linatolewa nje, kwa sababu mama wa nyumba anajua kwamba sufuria hiyo itaula mtungi kabla ya mwezi kwisha, na fedha ya kuujaza tena haitoki kwenye hela ya meza anayoachiwa kila siku. Hesabu yake ni sahihi kabisa. Anayemwita mshamba au mtu asiyejali mazingira hajawahi kupanga matumizi ya nyumba kwa fedha inayokuja kidogo kidogo.

Hivyo uamuzi wa kaya unatakiwa kusaidiwa palepale unapokwama, yaani kwenye chakula kinachochemka muda mrefu. Baadhi ya mbinu hazihitaji ununuzi wowote. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva mapema zaidi kuliko yaliyotiwa jikoni makavu. Sufuria iliyofunikwa, na moto uliopunguzwa mara maji yanapochemka, huokoa nishati nyingi, kwa kuwa maji yanayotokota kwa nguvu hayana joto zaidi ya yale yanayochemka polepole. Wali na makande yaliyokwisha kuchemka yanaweza kumalizikia ndani ya kikapu kilichojazwa nguo kuukuu au majani makavu, bila moto. Jiko lililowekwa udongo wa kuchoma ndani, ambalo lilienea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980, hupunguza mkaa kwa theluthi moja au zaidi likilinganishwa na jiko la bati tupu. Hizi si mbinu za kimaskini. Ni maarifa ya jikoni, na yanastahili kufundishwa shuleni kwa uzito uleule wa somo la kupanda miti.

Mabadiliko makubwa zaidi, kwa maoni yangu, yatatokana na sufuria ya presha ya umeme. Chombo hiki hukifungia chakula mvuke, huongeza joto kupita lile la maji ya kawaida, na hujizima chenyewe. Sufuria moja ya maharage ya familia haifikishi uniti moja ya umeme. Kwa mteja wa kawaida wa shirika la umeme, TANESCO, uniti ikiwa shilingi 292 kabla ya kodi na tozo, na takriban 356 baada yake, gharama hiyo ni chini ya anacholipwa muuza mkaa kwa kazi ileile. Umeme wenyewe umeongezeka: bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024.

Vikwazo vilivyobaki viko ndani ya nyumba za kupanga na ndani ya bei. Uswahilini vyumba sita au nane hutumia mita moja ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, wapangaji huchangia sawa, na mwenye nyumba huweka sharti la kwanza kabisa kuwa ni marufuku kupikia umeme. Mpangaji wa namna hiyo hana uchaguzi wa nishati hata awe na elimu gani ya mazingira. Kwa kaya yenye mita yake katika kundi la matumizi madogo, uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja, kisha zinazozidi ni shilingi 350. Bei hiyo ilibuniwa kumlinda asiye nacho, na imemlinda katika taa na redio. Katika kupika inamtisha, kwa kuwa akihamishia mapishi yote kwenye umeme anaweza kuvuka mpaka na kulipa zaidi ya mara tatu. Lakini sufuria ya maharage peke yake, ikipikwa mara tatu kwa juma, haifiki uniti 15 kwa mwezi. Kaya nyingi zinaweza kuihamisha leo bila kuuvuka mpaka huo, na gesi ikabaki kwa chai.

Sensa ya watu na makazi na tafiti za kaya huuliza chanzo kikuu cha nishati ya kupikia. Swali hilo linakubali jibu moja, na jikoni za mijini zina majibu mawili au matatu. Mwenye mtungi anajibu gesi, mtakwimu anaandika gesi, na jiko la mkaa lililoko uani halionekani popote. Ofisi ya Taifa ya Takwimu iongeze swali jingine kabla ya kipimo cha mwaka 2034 kufika: mara ya mwisho maharage yalipopikwa katika nyumba hii, yalipikwa kwa nishati gani? EWURA, mamlaka inayodhibiti bei ya umeme, nayo ipange bei inayoiruhusu kaya ndogo kupika bila kuadhibiwa, na wenye nyumba wawekewe utaratibu wa mita ndogo za vyumba. Haya matatu yako ndani ya uwezo wa taasisi zetu, na yaanze kabla ya mgao mwingine wa mitungi.