Kunakili si Kuiba

Wapo wanaodai kuwa mchoraji chipukizi anayenakili picha ya mkongwe hana kipaji, na pengine ni mwizi. Juma hili napenda tulipime dai hilo kwa mizani ya historia.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mnamo mwaka 1968. Alitumia vipande vya hadibodi na rangi ya kupakia baiskeli. Vijana waliomzunguka, wengi wao jamaa zake, hawakufundishwa kwa chaki na ubao. Walitazama mkono wake, kisha wakanakili. Miongoni mwao walikuwamo January Linda na Simon Mpata.

Mwaka 1972 Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi. Sanaa yake ingeweza kuzikwa pamoja naye. Haikuzikwa, kwa sababu mikono mingine ilikwisha kuijua. Mwaka 1990 wachoraji hao walikuwa na chama chao cha ushirika. Na hawakubaki pale alipowaacha. Yeye alijulikana zaidi kwa wanyama na ndege. Wao wakaja kuchora masoko, hospitali na mitaa iliyofurika watu.

Hata Ulaya mambo yalikuwa hayo hayo. Rubens, akiwa tayari bingwa mwenye sifa, alikaa Madrid mwaka 1628 akinakili picha za Titian.

Mwizi ni nani basi? Ni yule anayeandika jina la mkongwe chini ya kazi asiyoichora mkongwe. Picha za namna hiyo zenye sahihi ya Tingatinga zimekwisha kuuzwa, na huo ni wizi mtupu.

Hapa kwetu Karema, ngome ilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1879, ikakabidhiwa wamisionari mwaka 1885. Habari zake tunazisoma katika maandishi ya wageni. Njia iteremkayo ziwani, wachuuzi wa migebuka na watoto wachotao maji, nani atawachora kama si watoto wetu?

Kwa hiyo wazazi na walimu, mtoto akinakili picha ya mtaa wa Kariakoo, msimnyang'anye brashi. Muulizeni kwa nini mkongwe alimweka mwuza machungwa hapa na si pale. Akiweza kujibu, mwambieni sasa achore mtaa wake, na chini aandike jina lake mwenyewe.